Kuandaa usiku wa anga kwa wapenzi wa muvi za anga: mwongozo kamili

Wakuu, hii ni kwa yeyote mwenye uelewa wa mambo ya anga, uwe mwalimu wa fizikia, mwanafunzi wa chuo, mtaalamu kabisa au umejisomea tu mwenyewe, na unatamani kuwafikishia watu sayansi hii lakini kila ukiitisha semina viti vinabaki vitupu. Mimi kazi yangu ni astronomia, na nimekuwa nikiwapelekea sayansi ya anga mashabiki wa muvi za anga, wale wanaojua chombo gani kina kasi kuliko kingine na sayari gani ililipuliwa sehemu ya ngapi, na nikwambie kweli hakuna hadhira tamu kama hii. Mtu wa aina hiyo ameshakesha usiku mwingi akiwaza sayari za mbali, mashimo meusi (yale yenye mvutano ambao hata nuru haichomoki), kusafiri kwa kasi ya nuru. Maswali anayo tayari. Anachokosa ni mtu wa kuyapokea yale maswali kwa heshima, kisha akatoka naye nje, akanyoosha kidole juu na kumwambia hicho unachouliza kipo pale.

Ndo maana kanuni yangu ya kwanza kabla hata ya hatua yoyote ni hii: usianze na makosa ya muvi. Kuna wataalamu wakipewa tu maiki wanaanza, hii sio kweli, ile haiwezekani, pale wamedanganya, na ndani ya dakika tano ukumbi umeshapoa na watu wameshika simu zao. Muvi ndo iliyowaleta hapo. Ukiitukana umewatukana na wao. Anza na kile kilichowafanya wapige kelele, halafu waulize, je ingekuwa kweli ingekuwaje? Hapo sasa wanakupa masikio.

Hatua ya 1: Wafuate walipo

Usikodi ukumbi wa hoteli. Wapenzi wa muvi wana sehemu zao, na huku kwetu Tanzania sehemu namba moja ni kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea mpira na muvi kwa kiingilio. Ongea na mwenye kibanda akupe usiku mmoja ambao hakuna mpira, maana ukigongana na mechi ya Simba na Yanga huna lako. Mwenye kibanda akiona kiingilio chake kipo palepale na soda zitauzika atakubali. Kama uko shuleni au chuoni, chumba chochote kinafaa ilimradi nje kuna uwanja wazi, sababu nusu nzima ya usiku inafanyika nje.

Halafu kuna mtu mmoja ambaye wengi wanamsahau, DJ. Muvi nyingi zinazopigwa pale zimetafsiriwa, ile sauti ya Kiswahili inayosimulia juu ya picha. Kama mtaani kwenu kuna DJ anayetafsiri mubashara, mtafute mapema, kaa naye mchana mmoja, mpitishe kwenye kipande mtakachoonyesha, mweleze sayansi yake taratibu kisha mwache aiseme kwa mdomo wake. Usimwandikie maneno. Mpe namba tatu tu, mfano: nuru kwa sekunde moja inaweza kuzunguka dunia mara 7 na nusu, kutoka kwenye Jua mpaka hapa inatumia dakika 8 na sekunde 20, na mpaka nyota ya jirani kabisa baada ya Jua inatumia miaka 4 na ushee. Zile namba tatu kwenye mdomo wa DJ mzuri, anayejua wapi pa kupandisha sauti na wapi pa kunyamaza, zinaingia kichwani kuliko slaidi zako zote, na wiki inayofuata utazisikia kijiweni.

Toa taarifa pia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mkusanyiko wa usiku, watu gizani, na bomba la darubini ambalo kwa mbali mtu anaweza kudhani ni silaha, ni vizuri uongozi na walinzi wa mtaa wajue mapema. Na watoto waje na wazazi wao.

Hatua ya 2: Tarehe inachaguliwa kwa mwezi

Watu wengi wanadhani mwezi mpevu ndo mzuri, hapana. Mwezi ukiwa mzima mwanga wake unafuta nyota zote, na wenyewe kwenye darubini unaonekana bapa, hauna vivuli. Unaotaka ni mwezi wenye siku 4 mpaka 7 tangu uandame. Hapo Jua linaupiga kwa ubavu na pale kwenye mpaka wa mwanga na giza mashimo na milima inatupa vivuli virefu, mtu akiweka jicho anaruka. Faida ya pili, mwezi wa siku 5 unazama kwenye saa 4 na nusu usiku, kwa hiyo mnaanza nao mapema, ukizama giza linakuja na nyota hafifu zinatoka. Kalenda ya Kiislamu ya ukutani inakutosha kwa hesabu hii.

Kuhusu msimu, Machi mpaka Mei achana nayo, masika itakuvunja moyo. Juni mpaka Septemba ndo penyewe: kitovu cha galaksi yetu kiko juu na nyota jirani ipo. Januari na Februari nao wazuri, Kilimia, kile kikundi cha nyota kiitwacho pia Pleiades, kinakuwa juu jioni.

Hatua ya 3: Vifaa, na pesa isipotee

Kama huna darubini anza na bainokula, 7x50 au 10x50 (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita). Kwa hiyo tu utaona mashimo ya mwezi, miezi ya Mshtarii ukiegemea ukuta mkono usitetemeke, na Kilimia kikijaa nyota kibao. Ukiwa na uwezo wa darubini tafuta ya kioo chenye upana wa milimita 150, ile aina ya Dobson inayokaa chini juu ya kibao kinachozunguka. Haina umeme, haina mambo mengi, mtoto anaweza kuisukuma. Usinunue zile zenye vijiguu vyembamba zilizoandikwa kwenye boksi zinakuza mara 500, picha inatetemeka na haina mwanga. Darubini inanunuliwa kwa upana wa kioo, ukuzaji sio kitu. Pete za Zohali zinaanza kuonekana ukikuza mara 30 tu.

Simu au laptopu weka programu ya Stellarium, ni bure, chagua mji wako na tarehe itakuonyesha anga lako litakuwaje usiku huo na sayari gani zipo. Tochi ifunge karatasi nyekundu, macho yanahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza na mwanga mweupe mmoja wa simu unarudisha wote mwanzo. Ongeza mpira wa miguu, mpira wa tenisi, ndoo ndogo imara yenye mkono, maji, na unga kidogo. Matumizi yake yanakuja.

Na hili silitanii: kama tukio lako lina sehemu ya mchana, darubini au bainokula isielekezwe kwenye Jua bila kichujio maalumu cha Jua mbele ya kioo. Jicho linaungua hapohapo na halirudi.

Hatua ya 4: Kusanya maswali kabla ya muvi

Mlangoni kila anayeingia mpe kikaratasi aandike swali moja kuhusu anga, asiandike jina. Bila jina ndo siri yenyewe, kuna kijana ana swali zuri sana ila anaogopa kuchekwa. Wakati kipande cha muvi kinaendelea we soma vikaratasi na uvigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza, vitu ambavyo vipo tayari au vilishafanyika. La pili, vitu ambavyo fizikia inavikubali ila bado hatujavifanya. La tatu, vitu ambavyo kwa fizikia tunayoijua leo haviendi.

Haya mafungu matatu ndo uti wa mgongo wa usiku mzima, naomba uyashike. Shabiki wa muvi hahitaji kuambiwa ndiyo au hapana tu, anataka kujua kitu anachokipenda kiko umbali gani na ukweli. Helikopta Mirihi? Fungu la kwanza, Ingenuity iliruka kule 19 Aprili 2021, na ikaja kuruka jumla mara 72 kwenye hewa ambayo mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya hewa yetu. Chombo kinachojizungusha kutengeneza uzito? La pili. Kuipita kasi ya nuru? La tatu. Utashangaa watu watakavyoanza wenyewe kubishana kitu fulani kikae fungu lipi, na wakifika hapo wameshaanza kufikiri kisayansi bila we kuwahubiria. Waache wabishane.

Hatua ya 5: Ndani, kipande kifupi na maonyesho

Usipige muvi nzima. Kipande cha dakika nne au tano, halafu taa. Chagua maonyesho matatu kati ya haya, yote kwa usiku mmoja yatachosha.

Zima spika. Piga kipande cha vita vya angani, vyombo vinalipuka, halafu kirudie kilekile bila sauti kabisa. Kibanda kizima kitakaa kimya. Hapo ndo useme: sauti ni mtikisiko unaopita kwenye hewa, maji au kitu kigumu, na kule hakuna hewa, kwa hiyo ungekuwa pale hivi ndivyo ungeona. Mara nyingi wanakwambia bila sauti inatisha zaidi, na mimi nakubaliana nao. Mtu atauliza basi ukitoka nje bila suti unapasuka? Mwambie kisa cha Jim LeBlanc, fundi wa NASA, 1966 alikuwa akijaribu suti kwenye chumba kilichotolewa hewa, bomba lake likachomoka. Baada ya sekunde kama 14 akazimia, na kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate yakichemka juu ya ulimi. Walirudisha hewa haraka na akapona. Hakupasuka. Bila mgandamizo wa hewa maji yanachemka hata kwenye joto la mwili, ndo hivyo.

Mpira wa miguu ni dunia. Hili nalipenda kuliko yote. Mpe kijana mmoja mpira wa miguu, mwingine mpira wa tenisi, mwambie huo wa tenisi ni mwezi, na kweli kwa uwiano wa ukubwa unakaribia sana. Sasa simama pale unapodhani mwezi ulipo. Karibu wote wanasimama mita moja, mwenye imani anasogea mbili. Mrudishe nyuma taratibu mpaka mita 6 na nusu. Hapo wameduwaa. Halafu uliza kituo cha anga cha kimataifa, ISS, kinachozunguka kilomita 400 juu, kikae wapi? Milimita 7 kutoka kwenye ngozi ya mpira. Yaani wanaanga wote wanaokaa kule sasa hivi wamejibanza pale, na kutoka pale hakuna aliyekwenda mpaka jirani na mwezi tangu 1972 mpaka enzi hizi za Artemis, mradi wa NASA wa kurudisha watu mwezini. Endelea. Mirihi ikiwa karibu kabisa na sisi ni kama mita 950, taja duka au msikiti wa mtaani kwenu uliopo umbali huo. Jua ni tufe la mita 24 lililoko kilomita 2 na nusu na ushee. Na nyota jirani, Proxima Centauri? Kwa mpira huohuo uliopo mkononi ni karibu kilomita 690,000, yaani unaupita mwezi halisi ule ulioko nje kwa umbali unaokaribia mara mbili. Nyamaza kidogo baada ya kusema hilo. Kisha waambie Voyager 1, iliyorushwa Septemba 1977 na inakimbia kilomita 17 kila sekunde, kama ingeelekea kule ingefika baada ya miaka kama 75,000. Sasa wanaelewa kwanini waandishi wa muvi wanahitaji injini za ajabu na milango ya kupenya anga, bila hizo hadithi haiendi popote, na hapo unakuwa umeitetea muvi na sayansi kwa pamoja.

Ndoo. Maji nusu ndoo, nje ya mlango, zungusha kwa mkono wima juu chini kwa kasi, maji hayamwagiki. Chombo kinachojizungusha kingewabana watu sakafuni kwa namna hiyohiyo. Toa na hesabu: kizunguke mara 2 kwa dakika, kinahitaji nusu kipenyo cha mita 224 hivi ili mtu ajisikie na uzito wa hapa duniani. Ukikifanya kidogo inabidi kizunguke haraka na watu wanapata kizunguzungu. Sheria ya fizikia haikatai kitu hicho, kinachokosekana ni pesa na vyuma vya kupeleka juu, fungu la pili. Hapa sahihisha pia ile imani kwamba wanaanga wanaelea sababu kule hakuna mvutano. Pale ISS mvutano wa dunia ni kama asilimia 90 ya ule wa hapa. Wanaelea kwa kuwa wao na chombo chao wanaanguka pamoja muda wote, huku wakienda mbele kwa kasi ya kama kilomita 28,000 kwa saa kiasi kwamba dunia inajikunja chini yao na hawaigusi. Daladala ikiruka tuta kwa kasi ukajisikia tumbo limepanda, basi hiyo sekunde moja wao ndo maisha yao.

Leza. Washa leza ndogo ya kufundishia kukatiza chumba, kwenye hewa safi unaona kidoa tu ukutani. Nyunyiza unga kidogo kwenye njia yake, mstari unatokea. Angani hakuna unga, kwa hiyo ile mistari ya kijani na nyekundu ya vitani isingeonekana. Fupi tu, songa mbele, na leza isielekezwe machoni wala kwenye ndege.

Vile vile ukipata swali la vyombo kupenya kwenye mawe yaliyosongamana, waambie kwenye ule ukanda wa mawe kati ya Mirihi na Mshtarii wastani wa nafasi kati ya jiwe kubwa na jingine ni kama kilomita milioni moja. Pioneer 10 iliupita kati ya 1972 na 1973 salama salmini.

Shimo jeusi, na habari ya Malindi. Hili usilikose, hasa ukiwa Kenya au pwani. Karibu kila shabiki anajua shimo jeusi ila hajui kwamba sehemu kubwa ya kisa chake ilianzia kwenye maji yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, na ikapewa jina Uhuru. Jina la Kiswahili. Walichagua pale sababu karibu na ikweta dunia yenyewe inazunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, roketi inapata msukumo wa bure. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na kati ya ilivyoviangalia ni Cygnus X-1, ambayo mionzi yake ilikuwa inapepesa haraka mno, ikimaanisha inatoka sehemu ndogo sana. Baadaye wataalamu wakaona kuna nyota kubwa pale inazunguka kitu kisichoonekana kila siku 5.6, kizito mno kuwa kitu kingine chochote. Hilo likawa shimo jeusi la kwanza kukubalika kwa nguvu na wanasayansi, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi ile akapata Nobel 2002. Ukishasimulia hilo onyesha picha mbili, ile ya shimo jeusi la galaksi ya M87 iliyotolewa 10 Aprili 2019 na ile ya Sagittarius A*, la galaksi yetu wenyewe, iliyotolewa 12 Mei 2022. Na ondoa hofu ya kwamba linafyonza kila kitu: tukilibadilisha Jua leo na shimo jeusi lenye uzito uleule, dunia ingeendelea kuzunguka palepale. Tungeganda kwa baridi, ila kumezwa hapana.

Hatua ya 6: Toka nje, mapema

Dakika 40 za ndani zinatosha, toka watu wakiwa bado wana hamu. Panga foleni moja ya darubini, mtu mmoja wa kusimamia foleni na mwingine wa kusimamia darubini, kila mtu sekunde 30 hivi, wakati wa foleni we ongea na waliosimama.

Anza na mwezi, kila mtu anafurahi na mwezi. Kisha sayari iliyopo usiku huo. Kama ni Mshtarii waulize wanaona vidoti vingapi pembeni yake vimejipanga mstari. Ni miezi ileile minne aliyoiona Galileo Januari 1610, Io, Europa, Ganymede na Callisto, kuna siku mmoja au miwili kati yake inajificha. Mwonyeshe Europa ni ipi kwa msaada wa Stellarium, mwambie chini ya barafu yake inaaminika kuna bahari, na chombo Europa Clipper kiliondoka 14 Oktoba 2024 kwenda kuichunguza, kitafika 2030. Shabiki wa muvi akiona kile kidoti kwa jicho lake huku anajua huenda kuna bahari pale, huyo umempata.

Juni na Julai saa 3 usiku geukia kusini. Tafuta Msalaba wa Kusini, pembeni yake kushoto kuna nyota mbili kali zinazoelekea kwenye msalaba. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba, yenye kung'aa kuliko mwenzake, rangi ya njano kidogo, ndo Alpha Centauri. Hii ndo ile nyota inayotajwa kwenye hadithi za anga kila siku, na watu wa London au New York hawaioni kabisa kutoka kwao, haichomozi. Sisi tunaiona kwa macho, tumesimama kwenye vumbi letu. Kwenye darubini inajigawa nyota mbili. Ya tatu yao, Proxima, haionekani kwa macho ila ipo jirani hapo, na 2016 ilitangazwa ina sayari inayoizunguka. Mpira wa miguu si bado upo mkononi mwa yule kijana? Mwambie aunyanyue pale chini ya Alpha Centauri.

Baada ya mwezi kuzama inua uso kwenye ule utepe wa mwanga wa galaksi yetu. Sehemu yake nene kabisa, kwenye nyota za Mshale, ndo upande wa kitovu, na Sagittarius A* iko kule nyuma, miaka ya nuru kama 26,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru inakwenda kwa mwaka mmoja), uzito wa majua milioni 4 hivi. Katikati ya Dar hutaona utepe wenyewe kwa taa, toka pembezoni ya mji au nenda kijijini.

Januari na Februari badala ya hayo tumia Kilimia. Wazee wanasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na huo ni uchunguzi wa kweli wa anga, kinapotelea kwenye mwanga wa Jua masika na kurudi alfajiri kiangazi kikianza. Nuru yake unayoiona imesafiri miaka kama 440, iliondoka wakati Wareno bado wako pwani yetu. Anayetaka mashine ya kurudi nyuma ya wakati mwambie umeshaitumia, kutazama mbali ni kutazama zamani.

Mawingu yakija msiondoke. Rudi ndani, weka Stellarium kwenye projekta, fanya safari ileile ukutani, kisha muwe mnachungulia nje.

Hatua ya 7: Maswali ambayo lazima yaje

Viumbe wa sayari nyingine. Sema kilichopo: sayari ya kwanza inayozunguka nyota kama Jua letu ilitangazwa 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz, leo zimethibitishwa zaidi ya 6,000, nyota moja tu TRAPPIST-1 iliyo miaka ya nuru kama 40 ina sayari 7 za ukubwa unaokaribia dunia. Uhai bado haujapatikana popote nje ya hapa. Usiongeze wala usipunguze, na usimcheke anayeamini alishaona kitu. Muulize aliona saa ngapi, upande gani, kilikuwa kinapepesa au kimetulia. Mara nyingi mnafika pamoja kwenye Zuhura, au ule msururu wa setilaiti za Starlink zikiwa zimetoka kurushwa.

Walifika mwezini kweli? Walifika, watu 12 kati ya 1969 na 1972, walirudi na mawe kilo 382, na vioo walivyoacha Apollo 11, 14 na 15 bado vinapigwa leza mpaka leo. Kwa vioo hivyo tunajua mwezi unatukimbia sentimita 3.8 kwa mwaka. Jibu kwa upole, anayeuliza hivi mara nyingi ndo anayefuatilia kuliko wote.

Kusafiri kwenda wakati ujao? Fungu la kwanza, na hapa watu wanachizi. Saa inayokimbia kasi inakwenda taratibu kuliko ya aliyesimama, na iliyo mbali na mvutano inakwenda haraka. Setilaiti za GPS kwa jumla saa zake zinatangulia maikrosekunde 38 kila siku, yaani sehemu 38 kati ya milioni za sekunde moja, wahandisi wasingezirekebisha ramani ya simu ya bodaboda ingekosea kilomita kama 10 ndani ya siku moja. Ukikimbia kwa asilimia 99 ya kasi ya nuru, mwaka wako 1 chomboni huku nyumbani unakuwa miaka 7. Kurudi nyuma, lile fungu la tatu.

Atakuja pia wa kuuliza nyota yake ya kuzaliwa inasemaje kuhusu ndoa. Mwambie hilo silo somo langu, ila nyota zenyewe naweza kukuonyesha, na umwonyeshe. Na wa kuuliza habari za Mungu mjibu kwa heshima ya imani yake, wengi waliopo pale wanatazama juu na kusema subhanallah au Bwana asifiwe, na hiyo haizuii kuhesabu umbali.

Hatua ya 8: Kesho yake

Usiku huohuo kabla hawajatawanyika fungua grupu la WhatsApp. Asubuhi tuma majibu ya vikaratasi ambavyo havikufikiwa, kila swali na fungu lake, kwa sauti ya DJ kama amekubali. Ndani ya wiki tuma saa na upande ambao ISS itapita juu ya mji wenu, programu ya NASA ya Spot the Station inatoa bure, ni taa nyeupe imara inayokatiza anga kwa dakika chache bila kupepesa, haihitaji darubini wala giza nene. Mwambie kila mtu atoke aiangalie akiwa kwake na aandike ameiona akiwa wapi.

Halafu panga tukio lijalo la mchana: 2 Agosti 2027 kuna kupatwa kwa Jua, giza kamili litapita Misri, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia, na Afrika Mashariki tutaliona kwa sehemu. Miwani ya kupatwa kwa Jua au kioo cha kuchomelea namba 14 vianze kutafutwa mapema, siku zikikaribia vitaadimika na vya feki vitajaa.